Dakika Nne na Sekunde Kumi na Mbili

Kompyuta ya usharika ilifika nyumbani kwa akina Anyosisye Jumapili baada ya ibada, imepanda toroli la kubebea matofali, imefunikwa blanketi, na juu ya blanketi mwavuli. Aliyeshika mwavuli ni Anyosisye mwenyewe, na mvua yote iliyoikosa kompyuta ikamwishia yeye. Wazee waliojikinga kwenye baraza la duka walidhani ni mgonjwa anakimbizwa zahanati, wakavua kofia. Anyosisye akawapungia mkono kama mgombea udiwani.

Alikuwa na haki ya kupunga. Mpuguso nzima, aliyeijua ile kompyuta alikuwa yeye peke yake. Ilikuwa zawadi ya usharika rafiki wa ng'ambo, ikaja pamoja na kijana wa Kizungu mrefu kama mgomba, aliyekaa wiki mbili, akala ndizi mpaka akaota mashavu, akafundisha watu sita. Watano waliacha siku kalamu za bure zilipokwisha. Akabaki Anyosisye. Mzungu akamweleza kwamba humo ndani mna Linux, si ile Windows ya kila mtu. Linux ni ya bure, haiugui virusi, na programu zake zinaitwa vifurushi. Ukitaka kifurushi kipya hununui, unaagiza tu kwenye intaneti, nacho kinakuja chenyewe na ndugu zake wote wanaokitegemea. Anyosisye akauliza kama intaneti yenyewe haipo inakuwaje. Mzungu akafikiri kidogo, akasema itakuja. Kisha yeye akaenda.

Miaka miwili ilipita na mwisho wa mwaka elfu mbili na nane ukakaribia. Soko lilikuwa huria na kila kitu kilikuwa kimepanda mlima kutufikia: mitumba, simu za tochi, maji ya chupa katika wilaya ambayo maji yanakufuata mpaka kitandani. Intaneti tu ndiyo iliyoona Mpuguso ni mbali. Anyosisye hakujali. Alichapa matangazo ya ibada, akachapa kadi za harusi, na akiulizwa kama mashine yake inaweza jambo fulani, alijibu ndiyo kabla swali halijaisha.

Ndiyo mojawapo ndiyo iliyoileta kompyuta nyumbani Jumapili ile. Ilikuwa imekuja kutoa neno la baba mkubwa.

Jambo lenyewe lilianza miaka mitatu nyuma, alipofariki baba yake, mzee Ambindwile. Kaka wa marehemu, mzee Anyitike, alikuwa Kitwe huko Zambia, alikokwenda ujanani kufanya kazi ya migodi na kusahau kurudi. Habari zilimfikia, akapanda basi, basi likaharibika njiani. Huku nyumbani mvua ilikuwa haikatiki na kaburi lilikuwa linajaa maji kama kisima. Wazee wakakaa, wakaamua wasimngoje. Wakazika. Mzee Anyitike akafika kesho yake saa kumi jioni, sanda mkononi, akaonyeshwa tuta bichi. Akasema, "Mmemfukia ndugu yangu kama mnafukia kiazi," akageuka. Hakuketi, hakugusa hata maji ya kunawa.

Sasa, kwa Wanyakyusa, ukimkasirikia ndugu yako ukapiga kelele, hakuna shida. Majirani watakuja kuangalia na mtapatana. Hatari ni neno lililobaki tumboni. Hilo halilali. Linatembea kwenye nyumba za watoto. Dawa yake ni mwenye neno aje alitoe kwa mdomo wake, uani, mbele ya wenye nyumba, aseme nilichukia kwa hili na hili, na leo nimeacha. Prisca, dada mkubwa wa Anyosisye, aliolewa mwaka uliofuata bila neno hilo. Alishika mimba mara mbili, na mara mbili alirudi kutoka hospitali na kanga tupu. Hospitali walisema mambo ya damu. Kijiji kilisema ni lile neno. Mdogo wao Tusekile aliyasikia yote mawili, akaamini yale yaliyosemwa kwa kunong'ona.

Na Tusekile ndiye aliyekuwa anaolewa. Waoaji wa Isongole wangekuja kumchukua Jumamosi.

Baba mkubwa alikuwa amekubali kutoa neno. Safari ndiyo hakuiweza, miguu ilikuwa imeshastaafu. Basi mjukuu wake Emmanuel akapiga simu kutoka Kitwe: anaweza kumrekodi mzee kwa simu yake, kisha rafiki amchomee kwenye sidi, sidi ije na basi, je, mashine yenu itaisoma? Anyosisye alijibu, "Hata ukimchoma kwenye sufuria, ataongea." Walicheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa mpaka.

Mzee alirekodiwa. Alimwambia Emmanuel abonyeze anachobonyeza kisha atoke nje na kufunga mlango, maana maneno hayakuwa yake. Sidi ikachomwa, ikapanda basi, ikavuka Tunduma. Simu ya Emmanuel ikaibwa stendi wiki hiyohiyo. Na kabla sidi haijafika Mpuguso, kiharusi kikampiga mzee Anyitike upande mmoja, kikaondoka na ulimi. Hivyo neno la baba mkubwa likawa halipo tena kinywani mwake, wala kwenye simu, wala kwenye kichwa cha mtu mwingine yeyote. Lilikuwa kwenye kile kisahani, na kisahani kilikuwa kifuani mwa shangazi.

Shangazi Atuganile, dada wa wale wazee wawili, alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga ndani ya kitenge, akatoa sheria moja. Neno hili halisikiki popote kabla ya kusikika uani kwa marehemu. Si ofisini, si dukani, si kwa mtu anayepita. Anyosisye alijaribu kueleza umuhimu wa kujaribu kitu kabla ya siku yake. Shangazi akamuuliza kama harusi huwa zinajaribiwa.

Basi Jumapili ile wakakusanyika, ili neno litoke mapema na wiki iliyobaki iwe ya kupika tu. Nyumbani hapakuwa na umeme. Nguzo zilikuwa zimeishia kanisani, kama baraka nyingine nyingi. Mpiga gitaa wa kwaya alikuja na jenereta. Kwanza walijaribu deki ya jirani, nayo ikasema haioni kitu. Anyosisye akaomba deki isamehewe, haikusoma sekondari. Akaingiza sidi kwenye kompyuta yake, akabonyeza mara mbili kwa madaha, akakunja mikono.

Kikatokea kidirisha. Kilisema kwamba kompyuta haina kifurushi cha kusomea faili ya aina hii. Je, ikitafute? Anyosisye akabonyeza ndiyo. Kikatokea kidirisha kingine: hakuna muunganisho wa intaneti.

Shangazi akauliza inasemaje. Anyosisye akasema inatafuta. Mzee Simon, jirani ambaye hakuna msiba wala harusi aliyowahi kukosa, akashauri iambiwe isihangaike kwenda mbali, mzee yumo kwenye sidi. Watu wakacheka. Anyosisye naye akacheka, huku akibonyeza ndiyo kwa mara ya tano. Jenereta likala mafuta yake yote, likakohoa, likanyamaza, na kioo kikawa cheusi. Katika weusi ule aliiona sura yake mwenyewe, na nyuma yake sura ya Tusekile, aliyekuwa hajacheka.

Jumatatu alfajiri alikuwa juu ya pikipiki kwenda Tukuyu. Mtaa wa Bagamoyo, ile Bagamoyo yetu isiyo na bahari, kulikuwa na kafe ya Athuman: kompyuta nne, dishi moja juu ya bati, na tangazo la kukataza kula mahindi. Athuman alikuwa mtu mpole aliyerithi uvumilivu kutoka kwa baba yake muuza vitenge. Alimsikiliza Anyosisye mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Sasa si uilete hiyo sidi hapa? Kompyuta zangu zinasoma mpaka takataka."

Anyosisye akamweleza habari za shangazi. Athuman akaangalia wateja wake wa asubuhi ile, vijana wawili wanaouana kwenye gemu na mmoja anayeandika barua ya mapenzi huku akisoma kwa sauti, akatikisa kichwa taratibu. Yeye naye alikuwa na shangazi.

Njia ilikuwa moja tu, ile aliyoiacha Mzungu kwenye karatasi. Unaiambia kompyuta unataka kifurushi gani. Inakuandikia orodha ya vyote vinavyohitajika, kila kimoja na anwani yake huko kwenye intaneti. Orodha unaibeba kwenye flashi mpaka penye intaneti, unashusha vifurushi kimoja kimoja, unarudi navyo. Kwa maneno mengine, kompyuta inakutuma sokoni na kikapu. Anyosisye alikuwa na orodha ya vifurushi kumi na vinne, na alikuwa na furaha ya mtu mwenye orodha.

Anwani ya kwanza ilijibu: haipo. Ya pili: haipo. Alibonyeza zote kumi na nne kwa mpangilio, kisha kinyume chake kuanzia mwisho, labda zingeona haya. Athuman akaperuzi huku na huku akagundua sababu. Toleo la Linux lililoko Mpuguso lilikuwa limestaafishwa mwezi Oktoba, na vifurushi vyake vilikuwa vimeondolewa pale. Ikawa sawa na kwenda Mwanjelwa kutafuta kibanda cha fundi wako baada ya soko kuungua: jina la soko lipo, moshi upo, fundi hujui kaenda wapi.

Athuman akapendekeza wachukue vya toleo jipya, kipya si huwa kinashinda cha zamani? Wakashusha. Kifurushi cha kwanza kilichukua saa nzima, maana dishi lilikuwa linavuta intaneti kama mzee anavuta uji wa moto. Jioni Anyosisye akarudi na vinne. Jumanne asubuhi akaviingiza ofisini kwa usharika, na kompyuta ikavikataa vyote. Kila kifurushi kilikuwa kama posa: hakiingii ndani mpaka mshenga wake atangulie, na mshenga naye ana mshenga. Huyu anamtaka yule wa toleo la juu. Yule wa juu anataka msingi wa mashine nzima ubadilishwe. Na msingi ukibadilishwa, kila kilichosimama juu yake kinaporomoka. Aling'amua kwamba anaombwa ang'oe nyumba ili afunge pazia.

Akakumbuka kwamba Mzungu aliacha barua pepe yake. Jumanne mchana akarudi Tukuyu, akamwandikia kurasa mbili, akaeleza msiba, basi, kaburi, sidi. Jibu lilikuja hata kabla hajanyanyuka kwenye kiti. Moyo ukaruka. Jibu lilisema asante kwa ujumbe wako, niko likizo mpaka tarehe tano Januari, kwa jambo la haraka piga namba hii. Akapiga namba hiyo. Mwanamke mmoja akapokea, akaongea lugha ambayo haikuwa Kiingereza wala haikuwa na mpango wa kuwa, akaongea kwa upole kabisa, mpaka salio likaisha.

Jumatano mlima Rungwe ulivaa wingu tangu asubuhi. Wenyeji wa kafe walilijua hilo: mlima ukivaa kofia, intaneti inavua. Athuman alipanda juu ya bati na ufagio, akafuta dishi, akashuka, akaangalia, akapanda tena. Anyosisye alikaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja akiangalia mstari mmoja wa buluu ambao haukusogea. Wateja wengine waliondoka. Hata yule wa barua ya mapenzi alikata tamaa na penzi. Athuman akamletea chai, wakakaa wawili wakisikiliza mvua ikipiga bati, na hakuna aliyekuwa na utani wa kutoa, jambo ambalo kwa Anyosisye lilikuwa dalili ya homa.

Alhamisi wingu lilipanda kidogo. Athuman akawa amepata, kwa kuuliza-uliza huko mtandaoni, mahali panapohifadhiwa matoleo ya zamani, ghala la vitu vilivyostaafu. Na kweli, vifurushi vyote kumi na vinne vilikuwa huko, vimepangwa vizuri, vinasubiri. Walishusha tangu asubuhi. Umeme ulikatika mara mbili na kila mara wakaanza upya. Saa kumi na moja na nusu kifurushi cha kumi na nne kikaingia kwenye flashi, Athuman akamshika mkono kwa mikono miwili kama anayempongeza kwa kupata mtoto, na Anyosisye akapanda pikipiki flashi ikiwa mdomoni, kwa kuwa mifuko yote ilikuwa imelowa.

Ijumaa shangazi alikuja ofisini naye. Alikaa kwenye benchi, kitenge kifuani, sidi ndani ya kitenge. Alisema amekuja kuangalia kazi, lakini Anyosisye alijua amekuja kuangalia mikono yake. Akaingiza vifurushi kimoja baada ya kingine, washenga mbele, bwana harusi nyuma. Kompyuta ikanung'unika, ikafikiri, ikavipokea. Hakuna kilichokataliwa. Akafungua wimbo wa kwaya ya vijana ambao kwa miaka miwili ulikuwa umekaa humo bila kusomeka, na ukaimba, sauti ya tatu ikiwa imepotea njia vilevile kama ilivyo kanisani. Alitamani kulia.

"Shangazi, ndaga sana kwa kunivumilia. Sasa nipe sidi, sekunde moja tu. Nisikie kikohozi chake tu, nijue inafanya kazi."

"Kikohozi cha mzee nacho ni neno," shangazi akasema, akakaza kitenge.

Alimbembeleza. Akamwambia atavaa vitambaa masikioni, aangalie tu kama mashine inakubali. Shangazi akamuuliza kama wimbo umeimba. Akasema umeimba. Basi, kama imemwimbisha yule kijana mwenye sauti mbaya kiasi kile, itashindwaje na Anyitike, mtu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto? Anyosisye akazima mashine. Na, ukweli ni kwamba, aliamini.

Jioni hiyo alimkuta Tusekile nyuma ya jiko anaosha masufuria ambayo wengine walikuwa wameshayaosha. Akamwambia kila kitu kiko tayari, kesho baba mkubwa atanguruma mpaka Isongole wasikie wenyewe. Tusekile hakuinua uso.

"Kaka, na kama kasema hapana?"

Anyosisye alikuwa na utani wa kila jambo. Alifungua mdomo akijua utatoka wenyewe kama kawaida, na haukutoka. Wiki nzima alikuwa amehangaikia kufungua kinywa cha mzee. Hakuwahi hata mara moja kujiuliza kinywa kikifunguka kitasema nini. Akasema, "Hawezi." Tusekile akasema hata Prisca aliambiwa baba mkubwa hawezi kumdhuru. Kisha akaomba apishwe, anataka kumwaga maji.

Jumamosi mvua ilitupa saa tatu za neema. Uani walikaa wazee wa ukoo na majirani waliozika. Mama alikaa kwenye mkeka, miguu imenyooka. Prisca alikuwa amekuja tangu jana, akakaa karibu na mlango akiwa amejifunga kanga mbili, ya pili kuzunguka tumbo, na hakuna aliyemuuliza ni ya nini. Barabarani, gari la Isongole lilikuwa limeshafika; waoaji waliambiwa wangoje kidogo, wakaanza kuimba ili wasisahaulike. Tusekile alikaa katikati, ameinamisha kichwa, ameshavaa.

Jenereta likawashwa mbali, nyuma ya migomba, lisichafue neno. Shangazi akafungua kitenge. Anyosisye akaipokea sidi, akaingiza, akabonyeza. Safari hii hakukunja mikono.

Kidirisha cha kulalamika hakikutokea. Kilitokea kichezeshi kipya, cheusi, kizuri, na chini yake saa ndogo. Urefu: dakika nne na sekunde kumi na mbili. Saa ikaanza kwenda. Sekunde moja. Mbili. Tatu.

Watu wakainamisha vichwa kusikiliza. Anyosisye naye akainamisha. Sekunde kumi. Alidhani mzee anavuta pumzi. Sekunde ishirini. Akapandisha sauti. Akashika waya za spika, akazikandamiza, akazungusha. Spika zilikuwa nzima. Zilikuwa zinatoa ile sauti yao ndogo ya ukimya. Ndipo akaona, chini kabisa ya kioo, maandishi madogo kama ya mtu asiyetaka kusumbua: hakuna kifurushi cha kutafsiri sauti ya aina hii. Wimbo wa kwaya ulikuwa aina nyingine. Mzee alirekodiwa kwa simu, na sauti ya simu ilitaka cha kumi na tano.

Alijua kingepatikana wapi. Alijua na njia yake: orodha, flashi, pikipiki, bati, ufagio, mlima na kofia yake. Huko barabarani waliimba ubeti wa pili.

Akafungua mdomo aseme. Shangazi akainua mkono kumnyamazisha, macho yameshafumbwa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Anyitike huwa anaanza polepole.

Basi Anyosisye akanyamaza. Angefanya nini? Saa ilikuwa inakwenda. Mle ndani mzee alikuwa anasema, mashine yenyewe ilikuwa inapima anavyosema, sekunde kwa sekunde, na hakuna hata moja iliyokuwa inatoka. Dakika moja. Dakika moja na nusu. Kwa namna fulani watu wakaelewa, mmoja mmoja, bila kuambiwa. Aliona mabega yakishuka. Lakini hakuna aliyenyanyuka. Mtu mzima anaposema huondoki kwa sababu tu humsikii. Mzee Simon alivua kofia. Midomo ya mama ilikuwa inasogea kidogokidogo, kana kwamba anamwitikia shemeji yake mahali panapostahili kuitikiwa. Prisca alikuwa ameweka mkono juu ya kanga ya pili, ameufungua, ameuacha hapo.

Anyosisye alikodolea macho namba, maana pa kuangalia pengine hapakuwepo. Dakika tatu. Tatu na nusu. Dakika nne. Katika sekunde kumi na mbili za mwisho aliomba kila alichojua kuomba, aombe nini hasa hakujua, labda hicho kikohozi tu. Saa ikafika mwisho, ikajirudisha yenyewe kwenye sifuri, kama mtu aliyekaa na kurekebisha nguo.

"Amemaliza?" shangazi akauliza.

"Amemaliza."

"Kasema muda gani?"

Anyosisye akataja. Shangazi akaupima ule muda kichwani. Akasema mtu anayekataa hatumii dakika nne. Hapana ni neno fupi. Mzee Simon, ambaye hakuwa na nia mbaya, akasema hata anayelaani huwa hana haraka.

Mama ndiye aliyeuliza kama inaweza kurudiwa. Anyosisye akasema inaweza, itakuwa vilevile. Akaanza kueleza habari za kifurushi cha kumi na tano, ghala la vitu vilivyostaafu, kwamba akipewa siku mbili, tatu, kama mlima utakuwa wazi. Aliongea haraka. Hakuna aliyemkatiza na hakuna aliyemsikiliza, na alipogundua hivyo akaacha katikati ya sentensi.

Shangazi akanyanyuka. Akaomba sidi yake. Kompyuta ilichukua muda kuitoa, na Anyosisye akasimama na kidole kwenye kitufe, watu wote wakimwangalia. Shangazi akaifuta kwa ncha ya kitenge ingawa haikuwa na vumbi.

"Basi, amesema," alisema. "Sisi ndio hatukusikia."

Akaliendea sanduku la Tusekile, akalifungua mbele ya watu, akaiweka sidi chini kabisa, chini ya mashuka, akafunga. Hakusema kama ni baraka anafungasha au ni kitu kingine. Tusekile alinyanyuliwa na shangazi upande mmoja na Prisca upande wa pili. Alipompita kaka yake alisimama kidogo, na Anyosisye akamwomba msamaha. Tusekile akamgusa shavu, akamwambia kwamba amelowa. Kisha akatoka barabarani, nyimbo zikapanda, sanduku likapakiwa juu ya magunia, gari likaondoka kuelekea Isongole na neno ndani yake.

Saa saba mvua ikarudi kazini. Mpiga gitaa alikuwa amekwenda na gari la harusi, kwa hiyo Anyosisye aliisukuma kompyuta peke yake, blanketi juu, mwavuli ameuchomeka kwenye toroli ili mikono ipate kushika. Kwenye baraza la duka walikuwepo wale wazee wa Jumapili iliyopita. Wakavua kofia tena, na mmoja akauliza mgonjwa anaendeleaje.

Anyosisye alisimama. Maji yalikuwa yanamtiririka mpaka ndani ya viatu.

"Hajambo," akajibu. "Ila bado hasemi."

Wazee wakampa pole, wakamwambia Mungu yupo. Akashukuru, akashika toroli, akaendelea kupanda.